Kukinga farasi na virusi vya mbu: mwongozo kamili kwa wenzangu mnaofanya kazi kwenye mabanda ya Florida

Wadau, nianze na jambo lenyewe kabla sijaanza kuzunguka. Huku Florida mbu hana likizo, na ile chanjo ya mara moja kwa mwaka ambayo watu wa majimbo ya baridi wanachoma wakaridhika, huku haitoshi. Ukiondoka na hilo tu mengine utajifunza polepole, lakini ukiweza soma mpaka chini maana kuna kazi za mikono ambazo hakuna bosi atakuelekeza.

Wengi wetu tuliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya farasi huku Ocala na Marion County kwa ujumla tumefika tukijua kulisha, kuogesha, kusafisha banda, kumtembeza farasi, basi. Mambo ya sindano tunaona ni ya bosi na dokta. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka wangu wa pili huku, mwezi wa saba, kuna farasi jike mmoja wa kahawia niliyekuwa namhudumia mimi, mpole sana, yani ukiingia na ndoo anakutangulizia pua begani. Asubuhi moja nikakuta chakula cha usiku kipo vile vile. Nikamwita, hakugeuka. Nikasogea, nikaona mdomo wa chini unachezacheza kama mtu anayetetemeka kwa baridi, sikio moja limesimama lingine limelala, afu akaenda akaegemeza paji la uso kwenye ukuta akawa anasukuma, anasukuma tu, kama anaomba ukuta umpishe. Joto lilikuwa 40.5. Dokta alikuja mapema, alifanya kila kitu, na kesho yake jioni farasi akafa nikiwa nimeshika kamba. Majibu ya maabara yakasema EEE, virusi vya mbu vinavyoshambulia ubongo wa farasi. Ndio tukaenda kutoa kadi yake kwenye faili, tukakuta kachomwa dozi moja mwezi wa pili aliponunuliwa, dozi ya pili iliyotakiwa wiki chache baadaye haipo. Kila mtu alidhani mwenzake ameshughulikia. Mpaka leo nikipita kwenye lile banda naliona lile doa ukutani.

Kwaiyo haya ninayoandika nayaandika kwa uchungu kabisa.

KWANZA UJUE UNAPAMBANA NA NINI

Magonjwa ni matatu ya kuhangaika nayo. EEE ndio mkali kuliko yote, ni virusi vinavyovimbisha ubongo, na farasi ambaye hana kinga akishaonyesha dalili, kwa 10 wanaougua wanakufa mpaka 9, mara nyingi ndani ya siku 2 au 3. Wazee wa huku wanauita ugonjwa wa usingizi, usichanganye na malale yetu ya mbung'o, havihusiani hata kidogo, ni vile tu farasi anaonekana kama anasinzia amesimama. Sio ugonjwa mpya. Mwaka 1831 kule Massachusetts walikufa farasi 75 kwa ugonjwa ambao dalili zake ni hizi hizi, na kirusi chenyewe kikaja kupatikana kwenye bongo za farasi mwaka 1933.

Wa pili ni West Nile, na huu jina lake ni la kwetu Afrika Mashariki kabisa, kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1937 kwenye damu ya mama mmoja aliyekuwa na homa wilaya ya West Nile, Uganda. Kikafika New York mwaka 1999, na ndani ya miaka mitatu kikawa kimesambaa karibu nchi nzima, mwaka 2002 peke yake farasi zaidi ya 14,000 waliugua Marekani. Huu unaua kama mmoja kati ya watatu wanaoonyesha dalili, na wanaopona wengine wanabaki na mwendo mbovu miezi na miezi.

Wa tatu ni WEE, ndugu wa EEE wa upande wa magharibi, huku kwetu hauonekani lakini chanjo yake inakuja pamoja na ya EEE kwenye chupa moja kwaiyo usiumize kichwa.

Hivi virusi vinaishi kwa ndege. Mbu anamuuma ndege, anavuta kirusi, baadaye mbu huyo au wa aina nyingine anakuja kumuuma farasi. Na kwa EEE na West Nile farasi ni mwisho wa njia, kirusi kwenye damu yake ni kidogo mno hata mbu akimuuma hawezi kukibeba kwenda kwa mwingine. Maana yake farasi mgonjwa hamwambukizi mwenzake wa banda la jirani na hakuambukizi wewe unayempiga brashi. Hii nasisitiza kwa sababu nimeona watu wanamtenga farasi mgonjwa, wanamkimbia, wakati mbu walewale wanaendelea kuwauma wale 20 waliobaki ambao hakuna aliyewaangalia kadi.

HATUA YA 1: TAFUTA KADI, LEO

Kabla ya kununua dawa yoyote nenda ofisini uombe kumbukumbu za chanjo za kila farasi unayemhudumia. Chukua daftari, andika jina la farasi, umri, tarehe ya chanjo ya mwisho ya EEE na WEE, tarehe ya West Nile, na kama zile za mwanzo zilikamilika zote au moja tu. Hapo kwenye "zote au moja" ndipo pa kukazia macho.

Farasi ambaye hana kumbukumbu mhesabie hajawahi kuchanjwa. Usikubali maneno ya "aliyetuuzia alisema amechoma kila kitu". Dokta akimwanzishia upya hakuna madhara, ila ukimwamini muuzaji afu akawa amedanganya unamzika farasi.

Alafu angalia sana farasi waliotoka kaskazini. Kila mwaka mwezi wa kwanza mpaka wa tatu Ocala inajaa farasi wa mashindano wanaokimbia baridi, wanatoka kwenye majimbo ambayo barafu ikianguka mbu wanakwisha, kwaiyo ratiba yao ni ya sindano moja kila machipuko, wanachanjwa mwezi wa nne. Sasa huyo farasi akifika kwetu mwezi wa kwanza ana miezi tisa tangu sindano na ameingia nchi ambayo mbu yupo. Kinga ya EEE haidumu muda mrefu kivile. Huyo mwambie bosi apewe busta, yani sindano ya kukumbushia kinga, kabla hajasafirishwa, angalau wiki mbili kabla ya safari ili mwili upate nafasi ya kutengeneza kinga.

HATUA YA 2: PANGA RATIBA NA DOKTA

Dokta ndiye anaamua, mimi nakupa ramani ili ukimsikia uelewe na uweze kukumbusha.

Farasi mkubwa ambaye hajawahi kuchanjwa anaanza na dozi mbili, ya pili inakuja wiki 4 mpaka 6 baada ya ile ya kwanza. Dozi ya kwanza peke yake ni kama kuuamsha tu mwili, ile ya pili ndio inajenga kinga yenyewe. Yule jike wangu alikufa kwenye hili pengo.

Farasi mkubwa aliyekamilisha anapewa busta kila mwaka kabla ya msimu wa mbu, hiyo ndio kanuni ya Marekani nzima. Lakini kwa Florida na majirani zake madaktari wengi wanachoma mara mbili kwa mwaka, na kwa farasi wadogo au mashamba yaliyo kando ya vinamasi wengine wanafika mara tatu. Huku kwetu EEE inapatikana mwaka mzima ila inapamba moto kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, kwaiyo sindano ya kwanza inatakiwa iwe imeshaingia mapema, mwezi wa pili au wa tatu, na ya pili kama miezi sita baadaye. Ukisubiri mpaka usikie kwenye taarifa kwamba kuna kesi kaunti ya jirani umeshachelewa, maana kinga haitokei siku ileile.

Jike mwenye mimba anachomwa wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuzaa, hapo kinga inaingia kwenye yale maziwa ya mwanzo, dang'a, na mtoto anaipata akinyonya. Ndio maana ni muhimu sana mtoto anyonye dang'a masaa yale ya kwanza, utumbo wake unapitisha hiyo kinga kwa muda mfupi tu baada ya kuzaliwa, baada ya hapo mlango unafunga.

Mtoto wa mama aliyechanjwa anaanza sindano akiwa na miezi 4 mpaka 6, ya pili wiki 4 mpaka 6 baadaye, ya tatu akifika miezi 10 mpaka 12. Mama kama hakuchanjwa, mtoto anaanza mapema zaidi, miezi 3 mpaka 4, na kwenye maeneo yenye mbu wengi kama haya yetu dokta anaweza kuanza kabla ya hapo na kuongeza dozi. Farasi wadogo ndio wanaokufa sana na EEE, msiwafanyie mzaha.

Sasa ratiba ikishapangwa iandike kubwa kwenye ubao wa banda, pale kila mtu anapopita na ndoo. Na sio "busta mwezi wa nane", andika tarehe kamili na jina la farasi na jina la mtu atakayempigia dokta. Kazi isiyo na jina la mtu haina mwenyewe.

HATUA YA 3: SIKU YA SINDANO

Chanjo inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Ikiganda imeharibika, ikipata joto imeharibika, na mbaya zaidi ukiiangalia haionekani kuharibika, inabaki na rangi ileile. Nimewahi kuona boksi limeachwa kwenye siti ya gari mwezi wa sita huku Florida, gari limefungwa vioo, dakika 40. Bosi akataka zitumike kwa sababu ni hela nyingi. Mkikutwa na hali hiyo mpigieni dokta mumwambie ukweli, kuchoma chanjo iliyopikwa ni sawa na kuchoma maji, afu kwenye kadi inaandikwa amechanjwa na wote mnalala usingizi wa raha ambao si wa kweli.

Kama ni dokta anachoma, kazi yako ni kumshika farasi vizuri na kuandika: tarehe, aina ya chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye chupa, upande wa shingo uliochomwa. Kama shamba lenu ndio linachoma lenyewe, basi sindano mpya kwa kila farasi bila ubishi, na mahali ni kwenye msuli wa shingo ile sehemu ya pembetatu, sio matakoni, maana ikitunga usaha matakoni hauna pa kutokea unatafuta njia ndani kwa ndani.

Baadaye farasi anaweza kuvimba kidogo shingoni, akawa na homa ndogo na uvivu siku moja au mbili. Hiyo kawaida. Weka chakula na maji juu kidogo asilazimike kuinamisha shingo inayouma, na usimpe kazi nzito kesho yake. Ila akianza kuhema kwa shida, kuvimba uso au kutokwa vipele mwili mzima ndani ya dakika au masaa machache, simu kwa dokta hapohapo.

HATUA YA 4: MAJI

Hapa ndipo mimi na wewe tuna kazi, maana hii haihitaji dokta.

Mbu anahitaji maji yaliyotulia. Kipindi cha joto la huku, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10, na joto likizidi inapungua zaidi. Kwaiyo kanuni ni moja, hakuna maji yanayotulia shambani zaidi ya siku 4 au 5 bila kumwagwa, na wewe ukimwaga mara mbili kwa wiki uko salama. Mimi nimechagua Jumatatu na Alhamisi, asubuhi baada ya kulisha.

Nianze na kisa. Tulikuwa na banda safi kabisa, mabirika yanasuguliwa, hakuna dimbwi, lakini jioni mbu wanakula watu. Nilitafuta wiki nzima. Nikaja kukuta nyuma ya stoo ya chakula kuna ndoo moja nyeusi ya zamani imeegemezwa ukutani, imeinama, ndani maji kama vikombe vitatu yamechanganyika na majani makavu. Nikainua nikaangalia juani. Viluwiluwi havihesabiki, vinacheza vile vya kujikunjakunja, vikishtuka kivuli cha kichwa changu vinashuka chini vyote kwa pamoja, afu taratibu vinarudi juu kuning'inia kichwa chini mkia juu vinavuta hewa. Ndoo moja. Tangu hapo natembea na macho ya kutafuta vitu vilivyoinama.

Zunguka hivi. Matairi ya zamani yanayotumika kushikilia turubai au kupanga vizuizi vya mazoezi, hayo ni kiwanda cha mbu, yatoe shambani au yatoboe matundu makubwa chini. Turubai lenyewe, lile lililofunika nyasi kavu, likilegea katikati linatengeneza bwawa, livute likaze. Mifereji ya paa ikiziba majani inashika maji na hakuna anayeiona kwa sababu iko juu, panda ngazi. Sahani za chini ya maua nje ya ofisi. Toroli lililoachwa limetazama juu, ligeuze. Mabomba ya uzio yaliyo wazi kwa juu. Tundu za kwato kwenye udongo karibu na bomba la kunyweshea, pale panapolowa kila siku panatengeneza vikombe vikombe vya matope, jaza kokoto na rekebisha bomba linalovuja.

Mabirika makubwa ya malishoni ambayo huwezi kumwaga kila mara, kuna vidonge vya bakteria aina ya Bti, vimetengenezwa mviringo vina tundu katikati kama donati, unadumbukiza kinaelea na kufanya kazi kama siku 30. Hao bakteria wanaua viluwiluwi vikiwala, ila farasi anakunywa maji yale hapati shida. Wengine wanaweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, wanafanya kazi nzuri, ila uliza kwanza ofisi ya kaunti ya kudhibiti mbu maana kuna samaki hawaruhusiwi kuachiwa ovyo. Na jamani ile ya kumwaga mafuta ya taa au oili chafu juu ya maji kama tulivyozoea kuona nyumbani, huku msifanye, mifugo inakunywa hapo na sheria itawakuta.

Bwawa na kinamasi ni habari nyingine. Mbu mkuu wa EEE, Culiseta melanura, anazalia kwenye mashimo yenye maji chini ya mizizi ya miti kwenye vinamasi vya maji baridi, huko hufiki wala huruhusiwi kukausha. Yeye mwenyewe anapenda ndege, ila kuna wengine wanaouma ndege na farasi pia, na hao ndio daraja. Mmojawapo, Coquillettidia perturbans, viluwiluwi wake hawaji juu kabisa kuvuta hewa, wanajichomeka kwenye mizizi ya yale magugu marefu ya majini yanayofanana na matete na kupumua humo humo. Kwaiyo unaweza kuchota maji ya bwawa, ukaangalia, ukasema pasafi, kumbe wapo chini. Kupunguza hayo magugu kando ya bwawa la shamba kunasaidia, lakini uliza kibali kwanza. Na hii ndio sababu nimeiweka chanjo mbele ya maji, unaweza kumwaga kila ndoo duniani na kinamasi cha maili mbili kutoka hapo kikakuletea mbu usiku.

HATUA YA 5: BANDA, SAA NA DAWA

Mbu wengi wa magonjwa haya wanauma kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Kama shamba lina nafasi, ingiza farasi ndani kabla ya magharibi na utoe asubuhi jua likishachomoza. Tatizo huku kipindi cha joto watu wanafanya kinyume, wanawatoa usiku kwa sababu mchana ni tanuru. Ongea na bosi, hata kama sio wote, basi watoto na wale ambao dozi hazijakamilika wakae ndani usiku.

Ndani uwe na feni. Mbu ni dhaifu wa kuruka, upepo wa feni unamshinda. Tumia feni za shambani ambazo mota yake imefungwa vumbi lisiingie, zile za bei rahisi za sebuleni zinakusanya vumbi la nyasi kavu na zimeshachoma mabanda moto na farasi ndani. Waya upite mbali na meno ya farasi. Zima taa za banda usiku, au weka zile za njano. Wavu wa madirishani ukichanika ziba siku hiyohiyo.

Dawa ya kupaka ya farasi, zile zenye permethrini ndio nyingi. Soma lebo, nyingine zinahitaji kurudiwa kila siku, jasho na mvua vinaziosha. Paka miguu, tumbo, kifua, shingo, usoni tumia kitambaa usipulizie machoni. Na hii nawaomba sana, permethrini kali inaua paka. Kila banda lina paka wake wa panya, akilalia farasi aliyelowa au akiramba kitambaa chako anaweza kufa kwa kutetemeka. Subiri ikauke, vitambaa vifungie. Shuka la wavu na barakoa ya nzi vinasaidia pia, ila usimvalishe farasi shuka zito mwezi wa saba ukamwua kwa joto.

HATUA YA 6: DAKIKA MBILI KILA ASUBUHI

Kabla hujaweka chakula simama mlangoni umwangalie. Amekula cha jana? Amegeuka kukuona? Mdomo, pua na masikio vinachezacheza? Anasimama miguu imetanuka kama mlevi? Mtoe hatua kumi, mzungushe mduara mdogo kushoto na kulia, angalia miguu ya nyuma kama inapishana au ncha ya kwato inaburuza. Ukiwa na shaka pima joto. Kawaida ni kama 37.5 mpaka 38.5, vipimajoto vya huku vinasoma Farenhaiti kwaiyo ikivuka 101.5 anza kuuliza. EEE huwa inakuja na homa kali, West Nile inaweza kuja bila homa kabisa, farasi anajikwaa tu na misuli inatetemeka, kwaiyo usiseme "hana joto basi yuko sawa".

HATUA YA 7: UKIONA DALILI

Piga simu kwa dokta kwanza, usianze na dawa za maumivu za stoo maana zinashusha joto na kuficha dalili kabla dokta hajaona. Ukiwa unasubiri, toa ndoo na kila kitu cha kugonga, mwaga maranda mengi chini, punguza kelele na mwanga. Usisimame kati yake na ukuta, farasi wa kilo 500 aliyepoteza usawa akikuangukia yamekwisha. Usimnyweshe maji kwa nguvu, koo linaweza kuwa halimezi, yataenda kwenye mapafu.

Na vaa glovu. Kichaa cha mbwa kwa farasi kinaanza na dalili hizi hizi, na kile kinaambukiza binadamu kwa mate. Usiingize mkono mdomoni eti unaangalia kama amekwamwa na kitu. Andika majina ya wote waliomgusa kabla dokta hajafika.

Dawa ya kuua hivi virusi hakuna. Dokta atatoa za kushusha uvimbe, maji kwenye mshipa, na kumsaidia farasi asimame. Akilala chini anatakiwa kugeuzwa kila masaa machache asioze upande mmoja, hiyo kazi ni ya watu wanne na ni mchana na usiku. Damu itachukuliwa kupima kinga ya mwanzo inayotokea farasi akiwa ameambukizwa karibuni, ile ya chanjo ya zamani mara nyingi haivurugi hicho kipimo. Magonjwa haya yanaripotiwa jimboni kwa sheria, dokta ndiye anaripoti, msimwombe anyamaze. Farasi akifa msizike mpaka dokta aseme, ubongo ndio unatoa jibu. Na siku hiyohiyo toa lile daftari la hatua ya kwanza, wale wengine wote wanaokaribia tarehe dokta awape busta.

HATUA YA 8: WEWE MWENYEWE

Chanjo ya EEE ya kuchomwa mtu kama mimi na wewe haipo, na West Nile vivyo hivyo. Kwa binadamu EEE ni adimu lakini inaua kama watatu kati ya kumi wanaougua sana. Mbu aliyemuuma farasi wako anaruka palepale unapokunywa kahawa. Kwaiyo zamu ya alfajiri na ya jioni vaa mikono mirefu na suruali, paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, na kama unakaa kwenye nyumba ya wafanyakazi ambayo wavu wa dirisha umechanika dai urekebishwe, hiyo sio anasa.

Na ndugu zangu mlio nyumbani, Arusha na Nairobi mnaofuga, ratiba hii ya EEE sio yenu maana hicho kirusi hakipo huko. Kwenu muulizeni dokta kuhusu maradhi ya farasi ya Kiafrika, yale yanayovimbisha macho na kujaza mapafu povu, ambayo yanaletwa na visubi na sio mbu. Mambo ya kuingiza farasi ndani kabla ya magharibi na kuwasha feni yanafaa kwenu pia, ila wavu wa mbu usiutegemee, kisubi ni mdogo kama punje ya vumbi na anapita kwenye yale matundu, utahitaji wenye macho madogo zaidi au uulowanishe na dawa ya wadudu.